Barua ya malalamiko: trela mlilotukodisha kwa safari ya Gooseberry Falls

Minneapolis, Minnesota
9 Septemba 2024

Kwa Meneja,
Kampuni ya Kukodisha Trela.

Bwana,

KUH: TAIRI KUUKUU, SPEA ISIYOINGIA NA AMANA YETU MLIYOIZUIA

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa ndicho tulichozungumza ofisini kwako nilipolikodi lile trela dogo la kulalia, na kwa Kiswahili hicho hicho ulinihakikishia kuwa limekaguliwa na liko tayari kwa safari. Halikuwa tayari. Lilituharibikia barabarani tukiwa na watoto na mzee, na sasa mmezuia amana yetu ya dola 400 mkidai tulilijaza mizigo kupita kiasi.

Tulikuwa tunapanda barabara ya I-35 kuelekea Duluth, tuungane na barabara ya 61 inayofuata ufuo wa Ziwa Superior hadi hifadhi ya jimbo ya Gooseberry Falls. Marafiki zetu walikuwa nyuma yetu kwa gari lao. Karibu na Hinckley tairi la kulia lilipasuka. Vipande vyake vilirarua bati la juu ya gurudumu, vikaruka hadi kwenye kioo cha gari la marafiki zetu. Namshukuru Mungu kwamba kioo kilipata ufa tu na hakuna aliyeumia.

Mmoja wetu ni dereva wa malori. Aliinama akasoma ubavuni mwa tairi. Tairi linalouzwa Marekani huwa na herufi DOT (kifupi cha Wizara ya Uchukuzi ya Marekani) zikifuatwa na namba, na tarakimu nne za mwisho za namba hiyo hueleza wiki na mwaka lilipotengenezwa. Lile liliandikwa 2314, yaani wiki ya 23 ya mwaka 2014. La upande wa pili lilikuwa la umri huo huo, limejaa nyufa. Tairi la trela linaweza kuonekana zima kwa kashata zake, yaani ile michoro inayokanyaga barabara, huku mpira wenyewe umeshachoka kwa jua na kwa kusimama muda mrefu, na mtu anayeishi kwa kukodisha trela analijua hilo. Aliyelikagua aliangalia nini?

Kuhusu madai yenu ya uzito: kabla ya kushika barabara kuu tulipita kwenye mizani ya malori, na risiti ninayo. Jumla ya uzito wa trela na mizigo yake ilikuwa chini ya kikomo kilichobandikwa kwenye trela lenyewe, na uzito ulioelemea ndoano ya gari ulikuwa ndani ya ile asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela inayoshauriwa. Mahema, majiko na maji ya kunywa vilikuwa kwenye magari. Mkitaka kushikilia neno lenu, nionyesheni mlichopima ninyi.

Spea ndiyo iliyoniudhi kuliko yote. Rimu yake ina matundu manne. Ekseli ya trela ina boliti tano. Haikuwahi kuwa spea ya trela lile. Namba ya dharura mliyotuandikia kwenye mkataba, "saa 24", iliita tu bila kupokewa, tukakaa kando ya barabara malori yakitupita kwa kasi, mpaka tukamlipa mtu wa kuvuta magari kutoka mfukoni.

Tulifika Gooseberry siku iliyofuata, usiku wa kwanza umeshapotea. Hifadhi za Minnesota hufungua nafasi za kambi siku 120 kabla, na za ufuoni kule huchukuliwa upesi, kwa hiyo hatukuweza kuusogeza mbele. Kiwanja chetu hakikuwa na umeme, jambo nililokueleza wazi, nawe ukasema betri inatosha. Ilizima jioni ile ile. Bila betri feni ya hita haizunguki hata mtungi wa gesi ukiwa umejaa, na upepo wa Superior ni baridi usiku hata mwezi wa Agosti. Tulikodi trela kwa ajili ya mama wa rafiki yangu, ambaye magoti yake hayamruhusu kulala chini kwenye hema. Alikesha amejifunika makoti yetu.

Kuna jambo zito zaidi. King'ora cha kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na harufu, kilikuwa kimepitwa na muda. Tarehe imechapwa mgongoni mwake na picha yake naiambatisha. Hita ya gesi ndani ya chumba kidogo kiasi kile, bila king'ora kinachofanya kazi, inaweza kuua familia nzima usingizini. Msimkodishe mtu mwingine trela hilo kabla ya kubadilisha king'ora, matairi yote mawili na spea.

Nadai mrudishe amana yote, gharama ya kuvutwa na ya tairi jipya, kioo cha marafiki zetu, na kodi ya usiku tuliopoteza. Risiti zote zimo humu. Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14, nitapeleka malalamiko kwa Mwanasheria Mkuu wa Jimbo la Minnesota na kufungua kesi kwenye mahakama ya madai madogo.

Naomba jibu lije kwa anwani iliyo kwenye mkataba.

Mteja wenu,
kwa niaba ya familia zote zilizosafiri