Punda hana nundu, asivishwe nira ya maksai

Ndugu Mhariri,

Msimu wa kilimo ukianza, punda wengi wa Singida na Dodoma huonekana wakikokota plau au mkokoteni huku wamefungwa nira ileile iliyochongwa kwa ajili ya maksai. Shingo ikishachubuka na kutunga usaha, mwenyewe husema punda huyu mvivu. Hapana, vazi ndilo baya.

Ng'ombe wetu wa kienyeji ana nundu. Nira hukaa mbele yake, naye akaisukuma. Punda na farasi hawana pa kuegemeza mti; nguvu zao ziko kifuani na mabegani. Wakifungwa nira, mti hukalia mfupa, na kamba ya chini hukaba koromeo mzigo unapozidi.

Wakulima wa Ulaya, kabla trekta halijamwondoa farasi shambani katikati ya karne ya 20, walitumia kola: duara la ngozi lililoshindiliwa mabua makavu, likalazwa mabegani. Kichwa cha farasi ni kipana usawa wa macho, kwa hiyo kola nyingi zilivishwa juu chini, kisha zikageuzwa shingoni. Kiganja bapa kilipaswa kupita kati ya kola na koromeo. Ikibana, mnyama hukosa pumzi. Ikilegea, inachuna ngozi. Kola ya farasi mmoja haikuazimwa kwa mwingine ovyo.

Mafundi wa kola kwetu ni adimu, lakini ukanda wa kifua unashonwa na fundi yeyote wa viatu. Tumia turubai lililokunjwa au ngozi, upana sentimita 8 hadi 10, na ndani ushonee kitambaa kizito cha pamba. Kamba ya nailoni inakata. Mpira wa tairi mtupu haunyonyi jasho. Ukanda upite chini ya koromeo na juu ya kifundo cha bega, ushikiliwe na mshipi unaovuka juu ya shingo. Ukishuka, unazuia hatua za miguu ya mbele.

Kinachosahaulika zaidi ni kijiti cha nyuma. Kamba mbili za kuvutia zifungwe kwenye ncha zake, nacho kiungwe na plau kwa pete moja katikati. Mnyama akitembea, mabega hutangulia kwa zamu. Kijiti kikicheza, ukanda hutulia. Pasipo kijiti, ukanda husugua kifua kutwa nzima, hata ungekuwa wa hariri. Kamba zikiwa fupi, kijiti hugonga miguu ya nyuma na plau huinua pua, likakwangua juu juu tu.

Kwa mkokoteni wa magurudumu mawili, mzigo ukae juu ya ekseli, uelemee mbele kidogo. Ukirudi nyuma, mikono ya mkokoteni hupanda na mshipi wa tumbo humbana punda. Uzito wa mbele ubebwe na tandiko lenye mito miwili, mmoja kila upande wa uti wa mgongo. Mteremkoni pasipo ukanda wa matako, mkokoteni humsukuma mnyama, naye hana cha kuuzuia.

Na kidonda kikishatokea, mpumzisheni mpaka ngozi ifunge. Kumpaka oili chafu jioni na kumrudisha kwenye nira asubuhi ni kukifukua upya.

Msomaji wenu,
Singida