Gitaa la Jeff Loomis halimsubiri mwimbaji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ili nijibu makala mliyoichapisha hivi karibuni kuhusu wapiga gitaa wa muziki wa metali (roki nzito, heavy metal) wanaotoa albamu zao binafsi. Mwandishi alidai kwamba muziki wa ala tupu ni mazoezi ya vidole tu, na kwamba mwimbaji akikosekana msikilizaji hubaki hana pa kushika. Nakubaliana naye kwamba albamu nyingi za aina hiyo huchosha, kwa kuwa mpigaji hukimbilia kuonyesha kasi kabla hajawa na jambo la kusema. Hata hivyo, hukumu yake ni ya jumla mno, na yuko mpigaji anayefaa kuipima: Mmarekani Jeff Loomis, aliyetoa albamu moja isiyo na sauti ya mtu hata kidogo na nyingine iliyochanganya yote mawili.

Loomis alijulikana kupitia kundi la Nevermore la Seattle, ambako tangu albamu ya Dead Heart in a Dead World ya mwaka 2000 alitumia gitaa la nyuzi saba, ule uzi wa ziada ukiwa mnene na wenye mngurumo unaokaribia besi. Kazi yake kubwa humo ilikuwa kumbeba Warrel Dane, mwimbaji wa maneno mengi ambaye sauti yake ilipanda na kushuka apendavyo. Mwaka 2008, kundi likiwa bado hai, Loomis alitoa Zero Order Phase, yenye nyimbo kumi zisizo na mwimbaji. Anayetafuta humo pengo la Dane atatafuta sana, kwa sababu hizi si nyimbo za Nevermore zilizoondolewa sauti. Zimetungwa tangu mwanzo ili gitaa la solo lishike beti na kiitikio, huku gitaa la ridhimu likikata mapigo chini yake. Sisi tuliozoea kutulia bashraf inapopigwa, kabla mwimbaji wa taarabu hajasimama, tusingepaswa kuliona jambo hili kuwa geni.

Mwaka 2011 Loomis na mpiga dramu Van Williams walijitoa Nevermore, na mwaka uliofuata ikatoka Plains of Oblivion. Hapa ndipo penye ushahidi ambao mwandishi wenu hakuugusa. Kati ya nyimbo kumi, saba ni za ala tupu, baadhi zikiwa na wapiga gitaa wageni kama Marty Friedman, Tony MacAlpine na Chris Poland, na tatu zina waimbaji. Albamu inaanza kwa nyimbo tatu za ala mfululizo, hata sikio linazoea kuliona gitaa ndilo kiongozi, ndipo Christine Rhoades anapoingia na "Tragedy and Harmony". (Wapenzi wa Nevermore wanamkumbuka kwa kuimba na Dane katika wimbo uliobeba jina la albamu ya Dreaming Neon Black, mwaka 1999.) Anapoanza kuimba, gitaa linashuka kwenye nyuzi nene na kukaa huko, likimwachia sauti za juu ambazo dakika chache zilizopita zilikuwa mali ya gitaa lenyewe. Solo inapokuja ina kazi moja tu, kusema pale alipoishia mwimbaji, kisha inaondoka.

Katika "Surrender" mambo ni tofauti. Aliyealikwa ni Ihsahn, Mnorwe aliyepata sifa na kundi la Emperor, na anapokwaruza sauti haimbi melodia ambayo gitaa lingelazimika kuipisha, bali anaongeza nguvu kwenye mapigo, karibu kama ngoma. Kwa hiyo gitaa halina haja ya kujificha. Kwa maoni yangu huu ndio wimbo uliokamilika kuliko ile miwili ya Rhoades, ingawa sauti ya mama huyo ni nzuri kupita kiasi. "Chosen Time", wimbo wa pili wa Rhoades, kwangu ndio dhaifu zaidi, kwa maana gitaa limejifanya msindikizaji mtiifu mno, na angeweza kulipiga mtu mwingine yeyote mwenye ujuzi.

Ukisikiliza kwa namna hii, swali la mwandishi wenu, yaani kama mwimbaji yupo au hayupo, linakosa uzito. La kuuliza ni nani ameshika melodia, na wengine wanafanya nini wakati huo. Wimbo wa ala ambamo hakuna aliyeishika unachosha, na wa kuimbwa ambamo wawili wanaigombania unachosha vilevile.

Ningeomba basi wahakiki wenu wanapoandika kuhusu albamu kama hizi wataje nyimbo zipi zina mwimbaji na zipi hazina, na wazisikilize kwa mpangilio aliouweka mtunzi badala ya kurukia zile zenye maneno. Msomaji asiyemjua Loomis aanze na nyimbo nne za mwanzo za Plains of Oblivion, bila kuruka hata mmoja.

Wako,
Msomaji, Morogoro