Maji yaliyolala bombani ni hatari

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Mimi ni fundi bomba, nimehudumia majengo makubwa kwa miaka mingi. Mwezi uliopita niliitwa kwenye jengo la ofisi kuziba uvujaji darini. Pembeni ya palipovuja nikakuta tawi la bomba lisilokwenda popote. Bafu lilivunjwa zamani, fundi akaziba mwisho wa bomba, akaenda zake. Nilipolikata, maji yalitoka vuguvugu na yananuka, na ukutani mwa bomba palikuwa na utando wa kahawia, unateleza na kunata vidoleni. Upande wa pili tawi hilo lilikuwa limeungana na bomba kuu la ghorofa nzima.

Kwenye utando wa namna hiyo ndimo anamozaliana Legionella, bakteria anayeleta kichomi kikali. Wengi tunaamini maji mabaya yanaharibu tumbo tu. Huyu huingia kifuani, kwa kuvuta pumzi yenye vitone vidogo vinavyorushwa na bomba la mvua au minara ya kupozea hewa. Wazee na wavutaji sigara ndio huumia zaidi. Mwaka 1976 aliwapata wanachama wa American Legion, chama cha maveterani wa vita, waliokutana katika hoteli moja Philadelphia, Marekani. Walikufa wasiopungua 29, na jina lake limetokana na chama chao.

Kinachoniuma ni hita. Wenye majengo huzishusha hadi nyuzi 40 ili wapunguze bili ya umeme, na hilo ndilo joto analolipenda. Tangi la maji moto likae nyuzi 60, maji yafike kwenye koki yakiwa angalau 50. Mkiogopa watu kuungua, na ni hofu ya haki, fungeni koki ya kuchanganya maji karibu na mtumiaji. Vyumba visivyo na watu vifunguliwe maji kila wiki, ya moto na ya baridi, yatiririke dakika kadhaa. Vichwa vya mabomba ya mvua visuguliwe ili kuondoa chokaa iliyoganda.

Mwenye jengo lile aliniuliza kwa nini nihangaike na tawi ambalo halivuji. Nililiondoa lote hadi kwenye kiungo cha bomba kuu, nikamletea kipande ofisini. Aliponusa akaniagiza nikague ghorofa zote. Hadi leo tumepata matawi mengine manne.

Fundi bomba, msomaji wako