Mhariri, upasuaji rekebishi sio wa makalio tu, tuandikieni na habari za makovu

Asalaam aleykum Mhariri na poleni na kazi. Mimi ni mkazi wa Makorora hapa Tanga mjini, ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, wale tunaopita nyumba kwa nyumba kuulizia watoto, wajawazito, vyandarua, vyoo na mengineyo. Nina jambo linanikereketa muda mrefu na linahusu nyie waandishi moja kwa moja, ndio maana nimeona nikuandikie wewe badala ya kumwandikia mganga mkuu.

Tangu hospitali ya Muhimbili Mloganzila kule Dar watangaze huduma za upasuaji rekebishi, yaani ule wa kurekebisha umbo na viungo, kila nikifungua gazeti au simu nakuta habari ni ileile, makalio, matiti, kitambi, mafuta ya tumbo, na lile puto la kupunguza uzito ambalo hata sio la upasuaji rekebishi lakini nalo limetiwa humohumo. Picha wanayoweka ni ya mwanamke mwenye shepu, bei zinatajwa za mamilioni, chini watu wanacheka na kutukana basi habari imeisha. Sisemi mwanamke anaetaka kupunguza tumbo baada ya uzazi anakosea, huo ni mwili wake na hela yake. Ila ukweli ni kwamba idara kama hii kwenye hospitali ya kufundishia kazi yake kubwa ni watu walioungua, waliopata ajali, waliozaliwa na mdomo sungura, waliotolewa uvimbe usoni ukabaki mtu na shimo, hawa wote mmewaacha nje ya habari, na kuna watu huku kwetu wanaumia kwa sababu hiyo.

Kuna binti mtaani kwetu aliungua uji wa moto akiwa mdogo, mkono wa kulia kuanzia begani mpaka chini. Kidonda kiliuguzwa kwenye kituo kimoja cha afya, bandeji ikabadilishwa wiki baada ya wiki mpaka kikafunga, mama yake akaambiwa mtoto kapona nenda nyumbani. Kwa macho kweli kapona. Lakini kovu likaanza kuvuta taratibu, kiwiko kikakunjika, mpaka anafika umri wa shule mkono hauendi mbele, hawezi kuoga mwenyewe vizuri na anaandika na kushoto kwa shida. Nilipomwambia mama yake kuna madaktari wanafungua makovu kama haya akanijibu, "dada angu, hayo si mambo ya wale wanaoongeza makalio, sisi tutapata wapi hizo hela". Mhariri nilinyamaza kwanza maana sikujua nianzie wapi. Yule mama hajasoma popote kwamba huduma hiyo ni yake pia, kila alichosikia redioni na kwenye simu kimemwambia ni ya matajiri.

Sasa hebu nieleze kwa urefu kidogo maana hapa ndipo penyewe. Moto au maji ya moto yakiingia ndani sana ya ngozi, kidonda hakiwezi kujifunika chenyewe kwa haraka, na kile ambacho mpaka wiki mbili tatu hakijafunga mara nyingi kinaacha kovu nene linalokaza. Kovu halinyooki kama ngozi, linajivuta, na kwa mtoto ni mbaya zaidi kwa sababu mtoto anakua mfupa unarefuka kovu lenyewe haliongezeki, kwa hiyo kila mwaka kiungo kinazidi kujikunja. Likiwa kwapani mkono haunyanyuki, likiwa shingoni kidevu kinashuka mpaka kifuani na mdomo haufungi vizuri, likiwa vidoleni vinashikana. Ukikaa miaka mingi sio ngozi tu tena, hata kano na mishipa ya damu vinakuwa vifupi na kiungo chenyewe kinakauka, ndio maana daktari akimpata mtoto mapema kazi ni nyepesi kuliko akimpata akiwa mtu mzima. Na lile la shingoni lina hatari ya peke yake, shingo ikiwa haielekei nyuma hata mtu wa dawa ya usingizi anapata tabu kuingiza mpira wa kupumulia, sio oparesheni ya kufanyia popote tu.

Wanachofanya wanakata kovu linyooke, alafu ile sehemu iliyobaki wazi wanaifunika, mara nyingi kwa ngozi nyembamba wanayoichuna pajani, na paja lenyewe linapona ndani ya wiki mbili hivi. Pengine wanahamisha kipande kizima cha ngozi na nyama yake na mshipa wake wa damu. Alafu mtoto anafungwa kibao cha kumnyoosha mkono, anafanya mazoezi, kovu linakandwa na mafuta, na hii inaenda miezi sio siku, wazazi wengi wanachoka hapa na kovu linarudi kukaza. Watoto wengine inabidi warudi tena kwa kadiri wanavyokua. Mnaona wenyewe kwamba hii ni kazi ya hospitali kubwa yenye madaktari wa fani zote na wanafunzi wanaojifunza, sio saluni.

Hata asili ya upasuaji huu haikuwa urembo. Vita ya kwanza ya dunia, hiyohiyo ambayo Waingereza na Wajerumani walipigana mpaka hapa Tanga Novemba 1914, huko Ulaya iliwarudisha vijana wengi nyumbani nyuso zimechanwa, hana taya, hana pua. Daktari mmoja mzaliwa wa New Zealand, Harold Gillies, akakusanya majeruhi hao kwenye hospitali ya Sidcup Uingereza kuanzia 1917, akawa anawajengea nyuso kwa ngozi na mifupa yao wenyewe, oparesheni moja baada ya nyingine. Fani hii ya leo sehemu kubwa imetokea pale, kwa wanaume waliokuwa wanaogopa kutoka nje wasionekane.

Na Tanga tuna watu hao hao wanaojificha. Uvuvi wa baruti umepungua kwa doria lakini madhara yake tunaishi nayo, nenda vijiji vya pwani utakuta mtu hana vidole au mkono umebaki kigutu, na akiumia hasemi ukweli hospitali kwa kuogopa kukamatwa, wengine hawaendi kabisa mpaka kidonda kinaoza. Huko kwenye mashamba ya katani kuna mashine ya kuchakata majani ya katani, wenyewe wanaiita korona, inayokula mikono. Na bodaboda ndio usiseme, kijana anavunjika mguu pale mbele ya muundi ambapo hapana nyama, mfupa unabaki wazi, akikosa mtu wa kumhamishia nyama kuufunika mapema unaingia usaha na mwisho wake ni kukatwa. Kijana wa miaka ishirini na kitu anakatwa mguu ambao pengine ungeokolewa, hivi hiyo sio habari ya ukurasa wa mbele?

Mdomo sungura nitaupitia haraka kwa sababu angalau hospitali ya CCBRT pale Msasani, Dar, watu wengi wanaijua. Duniani ni karibu mtoto mmoja kwa kila 700 wanaozaliwa, mdomo unaweza kushonwa mtoto akiwa na miezi kama mitatu na afya yake nzuri, kaakaa baadae kidogo kabla hajakolea kuongea. Bado nakutana na bibi anasema mama alishika kisu mwezi ulipopatwa. Hapana, mama hana kosa lolote.

Niseme na hili maana nikiacha sitolala vizuri. Mtoto akiungua mwagieni maji ya bomba au ya mtungi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, sio barafu, alafu mfunike na kitambaa safi mpelekeni hospitali. Dawa ya meno hapana, ute wa yai hapana, mafuta ya kupikia hapana, unga hapana. Kazi ya hao madaktari ingepungua kama majiko ya mkaa yangeinuliwa juu kidogo watoto wasifikie.

Yule binti wangu wa mtaani alipelekwa hatimae. Ilibidi apate barua ya rufaa, mama akaenda ustawi wa jamii kujieleza hali yake, ndugu wakachanga nauli, kutoka hapa mpaka Dar ni kilomita kama 350 na kwenda KCMC Moshi hazipishani sana, na mama hakai siku mbili, anakaa na mtoto wiki kadhaa huku biashara yake ya vitumbua imesimama na wadogo wameachwa kwa jirani. Oparesheni wamemfanyia, mkono umenyooka kwa kiasi kikubwa na anafunga kibao chake kila usiku, nampitia kuhakikisha.

Ninachotaka kwako Mhariri, watume waandishi wako wodini kwa ruhusa ya hospitali, waongee na madaktari wa upasuaji rekebishi Muhimbili, KCMC na Bugando, waandike nani anatibiwa nini, anaanzia wapi, anaenda siku gani kliniki, asiyekuwa na uwezo anapitia mlango gani. Andikeni kwa lugha ambayo mama wa vitumbua akisomewa anaelewa. Na nyie wakubwa wa hospitali hizo, mkiita waandishi anzeni na mtoto aliyeungua, hayo ya tumbo yaje baadae.

Alafu kwa Wizara, tumeona kambi za Madaktari Bingwa wa Rais Samia tangu 2024 zikizunguka halmashauri na watu wamesaidika. Tunaomba daktari wa upasuaji rekebishi aje Bombo, hospitali yetu ya rufaa ya mkoa, kwa ratiba inayojulikana, hata kama ni mara chache kwa mwaka, tujue tarehe ni fulani, sisi wahudumu wa mitaani tutawakusanya wagonjwa wenyewe maana nyumba zao tunazijua. Akija asifanye oparesheni peke yake aondoke, awaachie ujuzi wa kupandikiza ngozi madaktari wa upasuaji wa pale na manesi wa wodi na watu wa mazoezi ya viungo, mana makovu mengi yangezuiliwa kama kidonda kingewekewa ngozi mapema hapahapa Tanga bila mtu kupanda basi pale Kange. Na vituo vya afya visimwambie mzazi kapona mpaka wamemkunjua mtoto mkono wakauangalia unafika wapi.

Mimi kwa upande wangu nimeshaanza kuandika kwenye daftari langu kila mtoto mwenye kovu linalovuta kwenye mitaa ninayopita, mkitaka pa kuanzia karibuni Makorora nitawazungusha.

Wako msomaji,
Mhudumu wa afya ngazi ya jamii
Makorora, Tanga