Mwanzi wa Guka

Mwanangu,

Ule mwanzi wa kuvulia wa babu, Guka, umekamilika, uko juu ya kabati. Kabla hujaja kuuchukua nina jambo la kukiri: ncha yake niliiharibu mwenyewe.

Nilipoutoa kwenye gunia, vanishi ilikuwa imepasukapasuka kama tope la kiangazi. Nikashika msasa mkali, ule ninaosugulia milango, nikaanza kazi. Sikujua kwamba nguvu za mwanzi ziko nje, chini tu ya ganda, ambako nyuzi zimesongamana. Ukizidi kuingia ndani unakuta nyama laini. Nilipoujaribu, ncha ililegea kama bua la nyasi. Niliketi kibarazani mpaka mamako akaja kuuliza kama kuna msiba.

Sehemu iliyobaki niliikwangua kwa kucha na kisu butu, jioni baada ya jioni. Ndipo nikaona ulivyoundwa. Kumbe ni vipande sita vyembamba vya pembe tatu vilivyounganishwa kwa gundi, ganda likiwa nje. Uzungushe vidoleni utazihesabu pande zake. Guka aliapa kwamba ulikatwa msitu wa Nyandarua, nami nilinyamaza kwa heshima, lakini mianzi ya fimbo kama hizi ilitoka Guangdong, China. Yeye aliachiwa na mzungu ambaye Guka alikuwa akimbebea mfuko wa samaki, siku mzungu huyo alipouza shamba na kuondoka, mwaka 1964.

Utaona umepinda kidogo. Nimeuacha hivyo makusudi, kwa sababu gundi ya zamani ilipikwa kwa ngozi na mifupa, na moto wa kunyooshea ungeweza kuiachanisha.

Pete za mshipi nimezifunga upya kwa uzi wa hariri. Nilichagua kijani kibichi, kizuri ajabu, mpaka nilipopaka vanishi kikawa karibu cheusi. Basi.

Karibu na mpini kuna mahali pamefungwa uzi wa gunia, mafundo kama ya kufungia mbuzi. Hapo sikugusa. Tulikuwa Mto Gura, mimi nina miaka tisa, Guka akateleza juu ya jiwe na mwanzi ukapasuka chini yake. Aliufunga palepale, akatia nyungunyungu kwenye ndoana (yule mzungu angezimia, maana yeye alivua kwa wadudu bandia wa manyoya tu) na tukarudi na trauti watatu. Samaki wenyewe ni wageni, walitoka Loch Leven, Uskoti, wakatiwa Gura mwaka 1905, na Cucu, mkewe Guka, hakuwahi kuwakubali. Kwao samaki hakuwa chakula. Alisema nyoka wa maji hawaingii katika sufuria yake, kwa hiyo Guka akanunua ya kwake, akawa anapikia nyuma ya banda la kuku.

Sasa sikiliza. Ukitenganisha sehemu mbili za mwanzi, vuta moja kwa moja, usizungushe. Usiuache ndani ya gari juani. Ukilowa, ufute na uutundike, usiurudishe kwenye mfuko ukiwa mbichi. Kwa ajili ya ile ncha, vua wadogo tu. Akishika mkubwa, mfuate kando ya mto, usimvute. Leseni nitalipa mimi.

Sufuria ya Guka bado iko pale bandani. Nimeisugua.

Babako