Makato ya mkopo wa 401(k) yakirukwa

Mhariri, naomba niwaambie wenzetu walioko Marekani waliokopa kwenye akiba zao za 401(k), yaani akiba ya kustaafu inayokatwa kazini kwenye mshahara, kila ukilipwa angalia salari slipu, kama makato ya mkopo hayapo usikae kimya, maana mhasibu akisahau kukata ni wewe unayehesabiwa hujalipa, na mipango mingi ya akiba hizo inakupa mwisho kabisa hadi robo mwaka inayofuata iishe, baada ya hapo deni lote lililobaki linageuzwa kipato, unalipa kodi na ukiwa chini ya miaka 59 na nusu wanakuongezea kodi nyingine ya asilimia 10. Jamani huo ni uonevu! Ila inarekebishika, IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, inaruhusu mwajiri asahihishe, ulipe malimbikizo kwa mkupuo au deni lipangwe upya ndani ya muda wa mkopo, kawaida miaka 5. HR, ofisi ya wafanyakazi, wakisema haiwezekani, dai kwa maandishi.

Msomaji wenu, Marekani