Barua kwa Mwanaidi: Huyo Mwekezaji Wenu

Athi River
12 Oktoba 2025

Kwako dada Mwanaidi,

Salamu nyingi, na hongera kwa kuteuliwa kwenye kamati ya kaunti. Unasema mmepata mwekezaji wa kiwanda cha nguo, na wenzako wako tayari kumpa kila anachoomba. Nisikilize kwanza.

Kontena likifika hapa kiwandani kwetu, tunakoshona nguo, kutoka Mombasa, mimi ndiye ninayehesabu mali stooni. Majora ya kitambaa yametoka China na India. Nyuzi, zipu, vifungo, hata lebo, vyote vimevuka bahari. Wiki jana nilipapasa jora la pamba nikakumbuka magunia ya marehemu baba yako kule Mpeketoni, Lamu, tulivyokuwa tukiyalalia utotoni tukingoja lori la mnunuzi. Pamba tunayo, dada, ila haifiki humu. Vinu vya kusokota na kufuma vimebaki vichache. Vingi, kama KICOMI ya Kisumu, vilianguka miaka ya 1990.

Sheria ya EPZ ya mwaka 1990, yaani ya maeneo ya viwanda vinavyouza nje ya nchi, humpa mwekezaji miaka 10 bila kodi ya faida, kisha asilimia 25 kwa miaka 10 mingine. Siipingi, maana mshahara wa huku umenisomeshea watoto wawili. Lakini aliyefuata msamaha wa kodi tu, kuondoka kwake ni rahisi. Januari 2005 ulipoondolewa mgao wa soko la nguo duniani, uliokuwa ukiziwekea kikomo nguo za nchi kama China, kiwanda nilichoanzia kazi hakikumaliza hata mwaka. Tulifika asubuhi tukakuta geti lina mnyororo, na mshahara wa mwezi hatujalipwa. Nilikuwa na mimba ya Salma.

Sasa tena tuna hofu. AGOA, sheria ya Marekani ya mwaka 2000 iliyoruhusu nguo zetu kuingia kwao bila ushuru, hata zikishonwa kwa kitambaa cha China, ilifika ukomo tarehe 30 Septemba 2025. Laini mbili za kushonea hazina oda. Vibarua wanashinda nje ya geti na vyakula vyao kwenye makopo, wakisubiri kuitwa.

Kwa hivyo mkimkaribisha, muulizeni atanunua nini kwenu. Pamba? Katoni? Je, vijana wetu watafundishwa kutengeneza mashine, au watashona tu? Yaandikwe kwenye mkataba kabla hajakabidhiwa kiwanja. Na hicho kiwanja chenyewe, hati yake iwe safi. Unaijua ardhi ya Lamu na kesi zake. Mwekezaji wa maana akisikia ugomvi wa shamba au umeme wa kukatika-katika, hata mkimsamehe kodi ya miaka 20 hatakaa.

Nitakuja mwezi wa 12 na watoto. Nimeomba mabaki ya lile jora, nimeruhusiwa. Nitakuletea uwaonyeshe wenzako kikaoni, waone pamba ya wengine inavyolipiwa na sisi.

Wasalimie nyumbani, na mama umshikie mkono.

Wako,
Zainabu